Mlango wa maikrowevu: cha kutengeneza mwenyewe na cha kuacha kama kilivyo

Karibu kila wiki kuna mtu analeta maikrowevu mezani kwangu hapa Ngarenaro, Arusha, na maneno yaleyale: "Fundi, mashine ni nzima, mlango tu ndio unasumbua." Wengine wanapiga simu kutoka Moshi kuuliza kama wanaweza kuubana mlango kwa gundi au kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, halafu waendelee kupasha mtori wa watoto. Nimejibu maswali haya mara nyingi mno, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja.

Usiposoma kingine chochote, shika hili: mlango wa maikrowevu haufanani na mlango wa kabati. Mlango wa kabati ukilegea, vyombo vinapata vumbi. Mlango wa maikrowevu ukilegea, kilichokuwa kinapika nyama kinaweza kumfikia aliyesimama mbele yake. Ndiyo maana mashine nzima imejengwa ikataze kuwaka mlango usipokaa sawa. Kazi yako ni kuurudisha mlango ukae sawa. Kuidanganya mashine ili iwake hivyohivyo si matengenezo.

Unachohitaji kujua kwanza, kwa ufupi

Mawimbi ya maikrowevu za nyumbani yana masafa ya megahezi 2450, na wimbi moja lina urefu wa sentimita 12 hivi. Wavu wa chuma ulio nyuma ya kioo una matundu madogo mno kwa wimbi la urefu huo. Mwanga unapita ukaona sahani inazunguka, lakini mawimbi yanarudishwa ndani.

Pembeni mwa mlango, chini ya ile fremu ya plastiki inayouzunguka kwa ndani, kuna mfereji wa chuma. Vipimo vyake vimekokotolewa kwa robo ya urefu wa wimbi, yaani kama sentimita 3, na kazi yake ni kuyazima mawimbi yanayotaka kupenya ukingoni. Watu huniuliza raba ya mlango inauzwa wapi, kwa sababu wamezoea friji. Maikrowevu haina raba ya namna hiyo. Umbo la huo mfereji ndilo linalozuia, na ukipinda hakuna gundi itakayourudisha.

Kisha kuna kulabu mbili za plastiki, moja juu na moja chini, zinazoingia kwenye matundu ya mwili wa mashine na kubonyeza swichi ndogo, kwa kawaida tatu. Hizo swichi ndizo zenye matatizo mengi, nitazirudia.

Andaa vitu hivi

- Bisibisi ya nyota na bisibisi bapa. Baadhi ya mashine zina skrubu za pembe sita zenye kitone katikati, hizo zina bisibisi yake.
- Bisibisi moja ndefu yenye mpini mzima wa plastiki, usio na ufa.
- Mita ya umeme ya kawaida, yenye mlio wa kupima kama njia imeungana.
- Koleo jembamba.
- Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini na mswaki wa zamani.
- Simu ya kupigia picha.
- Meza kavu ya mbao, viatu vya raba, na mtu mwingine aliye karibu. Vua pete, saa na bangili.

Kama huna mita, au hujawahi kufungua kifaa chochote cha umeme, fanya hatua ya 1 hadi ya 5 tu. Zinatosha kutatua matatizo mengi. Kuanzia hatua ya 6 unaingia ndani ya kasha, na humo mna kifaa kinachoweza kuua hata plagi ikiwa imechomolewa.

Sehemu ya kwanza: bila kufungua kasha

1. Chomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Umeme kukatika au LUKU kuisha nako si kuchomoa, maana umeme hurudi bila kubisha hodi. Plagi iweke juu ya meza unapoiona wakati wote wa kazi.

2. Safisha ukingo wa mlango na uso wa chuma unaokutana nao. Usiidharau hatua hii. Mchuzi wa machalari ukiruka na kukauka kwenye kona, mlango haukai sawa, na mafuta yaliyoungua yanaweza kuanza kupiga cheche. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kiache juu ya uchafu dakika tano, kisha futa. Mswaki utumie kwenye matundu ya kulabu, lakini uwe mkavu, maji yasiingie ndani. Kiangazi, vumbi la huku kwetu linajaa humo hadi kulabu zinakwama.
   *Kosa la kawaida:* kutumia steeliwaya au ncha ya kisu. Unakwangua rangi, chuma kinabaki wazi, kutu inaanza. Petroli na tina nazo ziache, zinaharibu plastiki.

3. Angalia kulabu. Fungua mlango, zisukume juu na chini kwa kidole. Zinatakiwa kucheza kidogo na kurudi zenyewe, kwa sababu zina springi. Zikilegea bila kurudi, springi imetoka au imekatika. Ncha ya kulabu ikiwa imelika au imevunjika, umeshapata chanzo: haifiki kwenye swichi.
   *Kosa la kawaida:* kuunga kulabu iliyovunjika kwa gundi ya supa. Itashika siku mbili tatu, halafu itakatika na kipande kuangukia ndani ya swichi. Tafuta kulabu nzima ya modeli ileile. Mpya ikikosekana, mafundi wengi tuna mashine zilizokufa tunazotoa vipuri, na kulabu nzima iliyotoka kwenye mashine ya aina hiyohiyo ni kipuri halali kabisa.

4. Angalia bawaba. Shika mlango ukiwa wazi nusu, uinue na kuushusha taratibu. Ukicheza sana, skrubu za bawaba zimelegea au bawaba imelika. Kwenye modeli nyingi skrubu za bawaba ya juu zinaonekana mlango ukiwa wazi. Zikaze huku mwenzako ameushika mlango ulingane na fremu pande zote. Nyingine hazifikiwi mpaka kasha litoke. Ufunge, kisha simama mbele na uangalie pengo la juu, chini, kushoto na kulia. Likiwa jembamba upande mmoja na pana upande mwingine, bado hujamaliza.
   Chunguza pia mlango umeharibikaje. Mara nyingi ni kutundika taulo mlangoni, kuweka bakuli zito juu yake, au mtoto kuuning'inia. Sababu isipoondoka, utaukaza tena mwezi ujao.

5. Amua kama mlango unafaa kuendelea kutumika. Angalia kwa mwanga wa jua. Mlango hautengenezwi, unabadilishwa mzima, ukiona mojawapo ya haya: wavu wa chuma umetoboka au umechanika, fremu ya plastiki ya ndani imeungua au kipande chake kimetoka, mfereji wa chuma umepinda, kutu imetoboa ukingo wa mlango au wa mwili wa mashine, kioo kimepasuka. Mkwaruzo wa kawaida kwenye plastiki ya nje hauna neno. Mlango mzima wa modeli ileile ukikosekana, mashine hiyo imefika mwisho. Najua inauma, hasa kama imenunuliwa juzi pale soko la Kilombero ikiwa bado inang'aa, lakini sitakuambia vingine.

Sasa chomeka, weka glasi ya maji ndani, iwashe dakika moja. Ikiwaka na maji yakapata moto bila wewe kuusukuma mlango kwa mkono, umemaliza. Isipowaka, chomoa tena.

Sehemu ya pili: ndani ya kasha

6. Fungua kasha na utoe chaji kwenye kapasita. Hapa ndipo watu hufa. Kapasita ni kopo la chuma lenye ncha mbili juu, lipo karibu na transfoma kubwa. Linahifadhi umeme wa volti zaidi ya 2000. Nyingi zina kizuizi ndani cha kuimaliza chaji hiyo polepole, ila kinaweza kuwa kimekufa, kwa hiyo usikitegemee. Plagi ikiwa imechomolewa, subiri dakika kumi. Kisha shika ile bisibisi ndefu kwa mpini, mkono wako mmoja ukiwa mfukoni au nyuma ya mgongo, na ugusishe chuma cha bisibisi kwenye ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Ukisikia mlio mkali wa "pa!", ujue chaji ilikuwepo. Rudia mara mbili. Halafu gusisha kila ncha na mwili wa chuma wa mashine.
   *Usifanye kamwe:* kupima upande huu kwa mita ya kawaida mashine ikiwa inawaka. Mita haikutengenezwa kwa volti hizo, na mkono wako pia.
   Mashine za inveta hazina transfoma kubwa, zina bodi yenye vipande vya alumini vya kupoza. Bodi hiyo usiiguse. Kama tatizo ni zaidi ya swichi za mlango, mpe fundi.

7. Piga picha kabla ya kuchomoa waya hata mmoja. Piga kutoka juu, pembeni na karibu. Nyuma ya matundu ya kulabu utaona kishikio cha plastiki chenye swichi tatu. Mbili ni za kuruhusu: zinaungana mlango ukifungwa na kukata ukifunguliwa. Ya tatu ni ya ulinzi, na inafanya kinyume: mlango ukifunguliwa, inaungana.

8. Ielewe ile ya ulinzi kabla ya kuigusa. Imewekwa ili kama swichi ya kuruhusu imeganda na haikukata mlango ulipofunguliwa, yenyewe inatengeneza shoti ya makusudi na kukata fyuzi. Mashine inajiua yenyewe kabla mawimbi hayajakufikia.
   Kwa hiyo mtu akiniambia, "Fundi, fyuzi inakatika kila nikifungua mlango," simwambii ana fyuzi mbovu. Fyuzi imefanya kazi yake. Swichi ya kuruhusu imeganda, au kishikio kimehama na mpangilio umevurugika. Mama mmoja kutoka Sakina alikuja na mashine ya namna hii baada ya kupita kwa fundi mwingine. Fyuzi ilikuwa imeondolewa, mahali pake pamesokotwa waya wa shaba, swichi mbili za kuruhusu zimeungwa dairekti, yaani waya zimeunganishwa moja kwa moja bila kupita kwenye swichi, na ile ya ulinzi imechomolewa waya. Mashine iliwaka mlango ukiwa wazi kabisa, na alikuwa ameitumia hivyo jikoni kwa wiki tatu akidhani imetengenezwa. Sikulala vizuri siku ile. Ukiwa fundi na unasoma hapa, nakuomba: mteja akikubembeleza umuungie dairekti kwa sababu hana hela ya swichi, mrudishie mashine yake bila kuifanya chochote.

9. Pima swichi moja moja. Chomoa waya zake kwa koleo, ukivuta kichwa cha waya na si waya wenyewe. Weka mita kwenye mlio. Swichi ya kuruhusu: bila kubonyeza, kimya, ukibonyeza, inalia na usomaji uwe karibu na sifuri. Swichi ya ulinzi: bila kubonyeza inalia, ukibonyeza, kimya. Ikilia muda wote imeganda. Isipolia kabisa imekufa. Ikionyesha omu kadhaa zinazopanda na kushuka, imeungua ndani na itakuangusha karibuni.

10. Badilisha kwa swichi ya aina ileile. Soma ubavuni: kuna amperi na volti, mara nyingi 16 na 250, na herufi NO au NC kwenye miguu. NO ni ya kuruhusu, NC ni ya ulinzi. Kwa nje zinafanana kama mapacha, na hili ndilo kosa kubwa la wanaoanza: wanaweka NC mahali pa NO, fyuzi inakatika papo hapo, wanadhani transfoma imekufa. Kama fyuzi ilikatika mlango ukifunguliwa, badilisha swichi ya kuruhusu na ya ulinzi kwa pamoja hata kama moja inapima vizuri, maana shoti ile imepita kwenye zote.
    Fyuzi nayo iwe ya kauri yenye amperi zilezile zilizoandikwa kwenye kofia yake. Kwa umeme wetu wa volti 230 nyingi ni za amperi 8 au 10. Usipandishe, na karatasi ya foili usiiweke.

11. Pima mwendo wa mlango kabla ya kurudisha umeme. Watu wengi wanairuka hatua hii. Waya za swichi zikiwa bado hazijarudishwa, weka mita kwenye swichi ya kuruhusu, funga mlango, kisha fungua polepole mno. Mlio ukatike kulabu zinapoanza tu kunyanyuka, kabla hujaona pengo. Hamishia mita kwenye swichi ya ulinzi na urudie: inatakiwa ianze kulia baada ya zile nyingine kukata, si kabla. Mpangilio ukiwa umegeuka, legeza skrubu za kishikio, kisogeze kidogo, kaza, pima upya. Mimi hufanya hivi mara kumi kwa kila mashine.

12. Rudisha waya kwa kufuata picha, funga kasha lote na skrubu zote. Usijaribu mashine kasha likiwa wazi. Weka glasi ya maji, maana mashine haiwashwi tupu. Iwashe, kisha fungua mlango ikiwa inafanya kazi: izime papo hapo. Sahani ikiendelea kuzunguka, chomoa na urudi hatua ya 9.

Vipi kuhusu mawimbi kuvuja?

Watu wengi huweka simu ndani ya maikrowevu iliyozimwa na kuipigia. Ikiita, wanaogopa. Kipimo hicho hakikuambii chochote cha maana: simu hupokea mawimbi hafifu mno, na masafa yake mara nyingi si yale ya maikrowevu. Wengine hubana karatasi mlangoni na kuivuta, lakini hiyo inaonyesha tu kama mlango umekaza sawa pande zote. Kuvuja kunapimwa kwa kipimo chake maalumu. Kiwango kinachotumika kimataifa kisizidi miliwati 5 kwa sentimita moja ya mraba, ukipima sentimita 5 kutoka kwenye mashine. Nguvu hiyo inapungua haraka ukisogea: ukiwa nusu mita, inabaki kama sehemu moja ya mia.

Na kwa wale wanaoniuliza kuhusu saratani: haya si mawimbi kama ya eksirei. Hatari yake ni joto. Yakivuja kwa wingi yanaunguza mwili, na jicho linaumia upesi kwa sababu damu haipiti kwenye lenzi kulipoza. Mtoto anayesimama pua ikigusa kioo akisubiri chakula ndiye ninayemfikiria ninapokataa kuunga dairekti.

Ikisumbua bado

*Saa inawaka, ukibonyeza kuanza hakuna kinachotokea.* Mashine haijui kwamba mlango umefungwa. Kulabu kwanza, swichi baadaye.

*Inawaka ukiusukuma mlango kwa mkono tu.* Bawaba imeshuka au kulabu imelika. Usiizoee hali hii, ndiyo mwanzo wa swichi kuungua, kwa kuwa kila ukilegeza mkono zinapiga cheche ndani.

*Taa au sahani inafanya kazi mlango ukiwa wazi.* Taa peke yake ni kawaida kwa modeli nyingi. Sahani kuzunguka si kawaida. Chomoa sasa hivi, kuna swichi iliyoganda.

*Kitufe cha kufungulia kimezama na hakirudi.* Mara nyingi ni springi au mkono wa plastiki ulio nyuma yake. Usiufungue mlango kwa kisu kila siku, utavunja kulabu.

*Cheche pembeni mwa mlango.* Safisha kwanza. Zikiendelea, tafuta rangi iliyobanduka au plastiki iliyoungua, na usome tena hatua ya 5.

*Mende ndani ya kioo cha mlango.* Hili naulizwa zaidi na watu wa Moshi, joto la huko wanalipenda. Usipulizie dawa ndani. Mlango unatolewa, fremu ya ndani inabanduliwa taratibu kwa bisibisi bapa kuanzia kona, panasafishwa, inarudishwa mpaka kila kishikizo kilie "tik". Kishikizo kikivunjika na fremu ikawa inanyanyuka, huo mlango haufai tena.

*Mashine ya mtumba haikuwaka vizuri tangu siku ya kwanza.* Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulaumu mlango. Zinazotoka Japani ni za volti 100, za Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu, umeshaiua.

Kama umefika mahali pa kuitupa, kata waya wa plagi karibu kabisa na mwili wa mashine, na ung'oe zile kulabu mbili za mlango. Wanaookota vyuma chakavu wapitapo watachukua shaba na bati lao, lakini hakuna atakayeifuta vumbi na kumuuzia jirani yako kama nzima.